Stelingi Haishiwi Risasi

Mwezi ukishakuwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Usiku wa mbalamwezi karabai zao hazina kazi, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo kwetu Kirumba, Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, mwezi mpevu ulikuwa sikukuu ya mwenye kibanda cha video. Vijana wa Mwaloni, kule sokoni kwa samaki, walipanda mlima na sarafu zao, wakajaza mabenchi, waliokosa nafasi wakakalia ndoo za rangi. Dirisha lilizibwa kwa blanketi, na joto likapanda mpaka bati likatoa jasho. Tuliviita vibanda umiza, na kweli vilituumiza: mgongo, macho, na mahali pa kukalia.

Siku moja stelingi, yaani shujaa wa muvi, alikuwa amebanwa nyuma ya pipa bandarini, bastola moja mkononi, maadui wamemzunguka kama nzi kwenye sangara. Akaanza kufyatua. Nyuma yangu jamaa mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Alipofika ishirini benchi lake lote lilikuwa limeshadakia. Thelathini ikatukuta kibanda kizima tunahesabu kama darasa la kwanza. Kwenye thelathini na nane adui wa mwisho alidondoka kutoka ghorofani, stelingi akapuliza moshi kwenye mtutu, akachomeka bastola kiunoni. Tukapiga makofi mpaka mwenye kibanda akachungulia kuona kuna nini. Hakuna aliyedai kurudishiwa hela yake.

Yale makofi nimeyafikiria sana, hasa kila ninaposoma watu wazima mtandaoni wakiichambua muvi kwa hasira: magazini ya bastola ile hubeba risasi kumi na tano, kwa hiyo muvi ni mbovu. Hesabu yao ni sahihi. Sisi pia tulihesabu, tena kwa sauti kuliko wao. Tulijua tunadanganywa, tukautaja uongo kwa namba, halafu tukaushangilia. Kwa nini?

Wazungu wana maelezo yao, na ni mazuri. Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika mwaka 1817 kwamba msomaji wa mashairi huiweka shaka yake pembeni kwa hiari yake kwa muda, na hapo ndipo imani ya kishairi inapozaliwa. Tangu hapo kila mchambuzi wa filamu anayarudia. Lakini ukiyaangalia vizuri, maelezo hayo yanamhusu mtu mmoja, kimya, na kitabu chake. Shaka anaiacha mlangoni kama viatu msikitini, anaingia peku.

Bibi zetu walikuwa na kanuni nyingine, na waliitamka kabla hadithi haijaanza. Msimuliaji anasema: hadithi, hadithi. Nasi tunaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Sikiliza kinachoombwa pale. Hatumwambii msimuliaji atuthibitishie chochote. Uongo tunauita kwa jina lake, tunaukaribisha ndani, na tunauwekea sharti moja tu kwamba utamu ukolee. Shaka haikuachwa mlangoni, imekaa nasi mkekani na inaitikia kiitikio. Nadhani ndiyo iliyokuwa ikihesabu risasi Kirumba.

Ndiyo maana pia mkanda uliotafsiriwa ulikuwa mtamu kuliko mkanda mtupu. Waliokulia kwenye sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa mikanda, wananielewa. Mtafsiri hakuwa mkalimani tu. Alikuwa msemaji wa shaka zetu. Kila kibanda kilikuwa na mwigaji wake pia, kijana mwenye kipaza sauti kibovu, ambaye stelingi akimwaga risasi bila kubadilisha magazini alituambia kwamba huyu bwana anazinunua kwa jumla, ana duka lake. Tunacheka, shaka inapumua, tunaendelea kuamini. Muvi ileile ukiitazama peke yako, kimya, kwa Kiingereza, pale pale inakukera.

Sasa, kwa kuwa shaka ni mgeni halali, tuisikilize. Inasema nini hasa?

Inaanza na hesabu. Bunduki ambayo polisi wetu na magazeti yetu huiita SMG, yaani AK-47, ile ya Kirusi yenye magazini iliyopinda, hubeba risasi 30. Kasi yake ya kufyatua ni risasi 600 hivi kwa dakika, yaani kumi kila sekunde. Ukikandamiza kifyatulio bila kukiachia, magazini inaisha ndani ya sekunde tatu. Tatu! Hata jina la stelingi hulimalizi kulitaja. Lile tukio la jamaa kusimama juu ya gari, anamwaga kutoka kushoto kwenda kulia huku ananguruma kwa nusu dakika, linahitaji magazini kumi na msaidizi wa kumbadilishia.

Kisha kuna kurushwa. Mtu anapigwa risasi ya kifua, anaruka kinyumenyume, anapasua kioo, anatua mtaa wa pili. Risasi ya SMG ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita zipatazo 700 kwa sekunde. Mpe msukumo wake wote mtu wa kilo 70, atasogea kwa mwendo wa sentimita nane kwa sekunde, kama mtu aliyeguswa bega kwenye foleni. Tena bunduki humsukuma mfyatuaji kwa nguvu isiyopungua hiyo. Kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumtupa adui dirishani, stelingi naye angetoka kwa mlango wa nyuma. Watu waliopigwa kweli huanguka kwa sababu mwili umekata kauli, na wengi hawaanguki mara moja. Wengine hawajui hata kama wamepigwa mpaka waone damu.

Kiwambo cha kuzuia sauti nakipitia haraka, maana waandishi wetu wa riwaya za kijasusi nao wamekitumia vibaya miaka mingi. Mlio wa bunduki ni desibeli 160 hivi. Kiwambo kizuri kinapunguza ishirini mpaka thelathini na tano. Kinachobaki bado kitamwamsha mlinzi, mke wa mlinzi, na mbwa wa jirani. Ule mlio wa "pfyu" ni wa studio.

Ila maji ndiyo yanayonigusa, kwa sababu sisi ni watu wa ziwa. Stelingi anajitosa, kamera inamfuata chini, na risasi zinapita kando yake zikichora mistari ya mapovu kama mikuki, mita tano, mita sita, moja inamkwaruza mguu. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Risasi yenye kasi kubwa ikiyagonga ni kama imegonga ukuta laini: nyingine hupasuka vipande, nyingine hugeuka ubavu na kuishiwa nguvu ndani ya mita moja au mbili. Ya bastola, kwa sababu inaingia polepole kidogo, inaweza kufika mbele zaidi ya ile ya bunduki kubwa, jambo ambalo hakuna mtunzi anayelikumbuka. Na ukipiga kwa kulaza, kutoka mtumbwini kwenda kwa mtu aliye mbali, risasi inaruka juu ya maji kama kile kijiwe bapa tulichokuwa tunakirusha ufukweni tukihesabu marukio. Kwa hiyo kujitosa ni akili nzuri kabisa. Stelingi alifanya jambo la kweli, halafu muvi ikaliharibu kwa kumwongezea hatari ya uongo.

Na mawe? Mtu aliyekulia Mabatini au Igogo, ambako nyumba na jabali vinagombania kiwanja, anajua ukuta ni kitu gani. Kwenye muvi watu wanajikinga kwa meza ya mbao, kochi, mlango wa gari. Risasi ya bunduki hutoboa vyote hivyo na kuendelea na safari. Kwenye gari sehemu ya kutegemea ni pale injini ilipo. Kila nikipita barabara ya Makongoro nikaona yale mawe yaliyopandana huwa nawaza kwamba mtu akitaka kutengeneza muvi ya risasi yenye kinga za ukweli, mandhari ameshapewa bure tangu dunia ilipoumbwa.

Mpaka hapo shaka imeshinda, na wachambuzi wa mtandaoni wanashangilia. Lakini wanasahau kitu. Wanalalamika kwamba maadui kwenye muvi hawana shabaha: watu ishirini, bunduki ishirini, stelingi anakatiza uwanja bila mkwaruzo. Hapo hapo ndipo muvi inaposema kweli kuliko mahali pengine popote.

Nilipojitolea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, siku ya shabaha tulilala kifudifudi mchangani, karatasi imesimama mbele yetu, haikimbii, hairudishi risasi. Nilipewa risasi tano. Ya kwanza bega liliruka na sikio likaimba nziiii mpaka sikumsikia afande aliyekuwa ananifokea kwa umbali wa hatua mbili. Matokeo: risasi tano, tundu moja, nalo pembeni kabisa, mahali ambapo adui angekuwa na sikio kama angekuwa na sikio kubwa. Jioni tulirudi uwanjani kuokota maganda. Yalihesabiwa moja moja na hakuna aliyekwenda kula mpaka hesabu ilipotimia. Jeshini kila mtu anahesabu risasi. Kwenye muvi hakuna.

Na mimi nilikuwa nimelala, nimetulia. Mweke mtu kwenye mapambano ya kweli, mikono inatetemeka, moyo unapiga ngoma. Uchunguzi uliofanywa kuhusu polisi wa jiji la New York, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba katika kurushiana risasi walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Hao ni watu waliofundishwa. Tarehe 28 Februari 1997, North Hollywood, Los Angeles, majambazi wawili wa benki waliovaa mavazi ya kuzuia risasi walipigana na polisi kwa dakika zaidi ya arobaini. Zilifyatuliwa karibu risasi 2,000. Wengi walijeruhiwa, lakini waliokufa ni majambazi wawili peke yao. Na lile pambano la O.K. Corral huko Arizona, Marekani, la tarehe 26 Oktoba 1881, lililozaa muvi za kikauboi zisizohesabika, lilikuwa risasi thelathini hivi ndani ya nusu dakika, watu wakiwa wamesimama karibu kiasi cha kusalimiana. Waliokufa ni watatu. Nusu dakika tu! Muvi zinalivuta mpaka ugali upoe.

Kwa hiyo adui anayekosa ni mtu wa kweli. Wa uongo ni yule mmoja anayepata kila anapofyatua, tena akiwa anakimbia, bastola mbili, uso hauna jasho. Yaani wachambuzi wanamkamata shahidi na kumwachia mtuhumiwa.

Uongo huo wa stelingi mimi naukubali. Ndio tuliouita kwa kauli yetu, uongo njoo. Swali langu ni lini utamu unagoma kukolea, na jibu nililipata kwa mzee mmoja wa pale Kirumba tuliyekuwa tunamwita Afande. Alipigana vita vya Kagera, ile ya 1978 na 1979, na alipenda vibanda kuliko sisi watoto. Nafasi yake ilikuwa karibu na mlango, akiwa na kahawa yake. Yule jamaa alipohesabu risasi thelathini na nane, Afande alicheka mpaka akamwaga kikombe. Stelingi akikoki bastola mara tatu bila kufyatua katikati, anacheka. Stelingi akirushwa na bomu akainuka anajipangusa vumbi, anacheka.

Siku moja stelingi alimbeba rafiki yake aliyejeruhiwa. Akamtupia begani, akakimbia naye kupanda kilima, mkono mmoja unafyatua. Afande akaacha kucheka. Alitazama kidogo, akasema, "Huyo hajawahi kubeba mtu." Akaweka kikombe chini, akatoka. Kesho yake alirudi kama kawaida, na hakuna aliyemuuliza.

Zamani nilidhani alikerwa na kosa la kiufundi kama makosa mengine. Siku hizi sidhani. Risasi thelathini na nane hazikumgharimu yeye kitu, zilikuwa namba za kuchekea. Uzito wa mtu aliyejeruhiwa aliujua mgongoni. Muvi ilikuwa imechukua kitu alichokilipia ikakigawa bure.

Nimeanza kuona hivyo kila mahali. Jirani yangu ni muuguzi. Hana shida na mtu kuruka kutoka helikopta, lakini likifika lile tukio la kuchokonoa risasi kwa kisu, pombe kali juu ya kidonda, kitambaa mdomoni, risasi inadondoka kwenye kisahani ti, na mgonjwa anapona hapohapo, jirani yangu anainuka kwenda kuchemsha chai. Anajua kwamba madaktari mara nyingi huiacha risasi ndani ikiwa kuitoa kutaleta madhara zaidi, na kwamba kinachoua ni damu na maambukizi, si kile kipande cha chuma. Anajua pia usiku wa wodini unavyokuwa mrefu. Kila mtu ana mahali pake ambapo muvi haiwezi kumdanganya, na ni pale alipowahi kulipa.

Ndiyo maana muvi ya mapigano inayosifiwa zaidi kwa uhalisia, Heat ya Michael Mann ya mwaka 1995, haikusifiwa kwa kuwa na risasi sahihi tu. Ni kweli waigizaji walifundishwa na aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha Uingereza, na kweli wanabadilisha magazini. Lakini kilichowashika watu ni sauti. Mwongozaji aliachia milio iliyorekodiwa palepale mtaani, ikigonga majengo na kurudi, badala ya kuweka ile milio safi ya studio. Ukiisikiliza kwa spika nzuri unataka kulala chini. Watu hawa bado ni stelingi, bado wanaua kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuua. Uongo upo. Ila barabara ile inaogopa, magari yanaogopa, na wewe kwenye kiti unaogopa, kwa hiyo kila risasi inalipiwa.

Nikitoka hapo nikaja kwenye muvi zetu wenyewe za Bongo, nasikia visingizio vya bajeti. Bunduki ni ya mbao, moto wa mtutu umebandikwa kwa kompyuta, damu ni ya rangi ya soda. Mimi hivyo vyote navikubali, na sidai mtu alete silaha halisi. Mwaka 2021 huko New Mexico, Marekani, mpiga picha wa muvi aliuawa na risasi ya moto kwenye bastola iliyoaminika kuwa salama. Bunduki ya mbao ni heshima kwa uhai, na moto wa kompyuta ni gharama ndogo.

Tatizo letu ni kwamba hakuna anayeogopa ile mbao. Jambazi anaingia dukani na bunduki, muuza duka anamjibu kwa sauti ileile ya kubishania chenji. Nyuma yao barabarani bodaboda wanapita, mama anaendelea kugeuza mihogo. Wapi hapa Tanzania uliona hivyo? Mlio ukisikika mjini kwetu, hata wa tairi, mtaa mzima unakimbia, mageti yanashushwa, nusu ya watu hawajui wanakimbia nini. Waulize wavuvi waliowahi kuvamiwa na maharamia ziwani, wale wanaonyang'anya injini na nyavu usiku. Hawakusimulii kurushiana risasi. Wanakusimulia kulala chini ndani ya mtumbwi, shavu kwenye maji machafu ya sakafuni, na kuhesabu pumzi. Mmoja aliniambia kwamba ukiusikia mlio shukuru Mungu, hiyo haikuwa yako. Na fizikia inamuunga mkono: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, risasi ya SMG zaidi ya mara mbili ya hapo. Ya kwako inafika kwanza. Mtengenezaji wa muvi za Bongo angemchukua mvuvi huyo amwoneshe waigizaji namna ya kulala, angepata kitu ambacho bajeti ya Hollywood hainunui.

Juzi nilikuwa Mwaloni jioni, ilikuwa siku za mbalamwezi, kazi hakuna. Vibanda vimepungua, sasa simu moja inategemezwa kwenye ndoo na watu wanane wanaizunguka. Muvi ni mpya, stelingi ni kijana simfahamu, bastola ni moja. Akafyatua. Mtu mmoja akaanza kuhesabu, nikacheka peke yangu. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Hakuna aliyelalamika. Akaruka ukuta, akateleza kwenye paa, akadondoka gatini, akadandia boti ya mtu ambayo hajawahi kuiona, akashika kamba ya injini akavuta mara moja tu, injini ikawaka.

"Aaaah!" wote wanane kwa pamoja, na mwenye simu, ambaye asubuhi ile alivuta kamba ya injini yake mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, akanyoosha mkono akaizima.